Moraa wa Ng'iti: Mlezi Aliyekosa Kaburi la Kulilia

Aghalabu historia humkumbuka shujaa kwa tendo moja, kisha ikamwacha hapo. Ndivyo ilivyomtendea Moraa wa Ng'iti. Katika vitabu vingi vinavyosimulia upinzani wa Waafrika dhidi ya ukoloni, mwanamke huyu wa Kitutu hupewa sentensi mbili au tatu tu: kwamba alikuwa mwaguzi, kwamba aliwachukia Waingereza, na kwamba mwaka 1908 alimchochea Otenyo Nyamaterere amchome mkuki mtawala mmoja wa kikoloni. Baada ya hapo ukurasa hufunuliwa, na masimulizi yakahamia kwa Wanandi au kwa Wagiriama.

Msomaji wa riwaya ana mazoea tofauti. Yeye haridhiki na tendo; hutaka kujua ni nani aliyebaki nyumbani baada ya tendo kutendeka. Waliosoma Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyotolewa mwaka 1996 na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, watakumbuka kwamba kifo cha mama ndicho kinachomtoa kijana Tanga na kumvusha mpaka kwenda kumtafuta baba. Msiba katika riwaya hiyo si tukio linalopita. Ni kazi anayoachiwa aliye hai. Maisha ya Moraa yakisomwa kwa jicho hilo, mkuki wa Otenyo hauwi tena mwisho wa hadithi bali katikati yake, na jambo kubwa linalojitokeza ni huzuni ya familia iliyonyimwa maiti ya kuzika.

Moraa alikuwa mtu mzima mwenye kuheshimiwa kabla bendera ya Uingereza haijapandishwa katika nchi ya Abagusii. Alitoka Kitutu, mojawapo ya makundi makubwa ya jamii hiyo pamoja na Bobasi, Bonchari, Machoge, Nyaribari na Mugirango. Kitutu ni nchi ya vilima vya kijani kibichi, mvua nyingi na udongo unaozaa, iliyo chini na juu ya majabali ya Manga. Mipaka ya baadaye imeigawa, sehemu ikawa Kisii na sehemu ikawa Nyamira, lakini katika siku za Moraa hapakuwa na mipaka ya namna hiyo. Palikuwa na miji ya koo, mashamba ya wimbi, ng'ombe, na kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate, ambamo vijana wa kiume waliishi wakilinda mifugo na kujifunza kutumia mkuki na ngao.

Kazi ya Moraa ilikuwa uaguzi. Miongoni mwa Abagusii mwaguzi huitwa omoragori, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa kiasi kikubwa. Ni vyema kazi hii ieleweke barabara, kwa kuwa bila kuielewa maisha ya Moraa hayafahamiki. Omoragori hakuwa mchawi. Kinyume chake, aliogopwa na wachawi. Mtoto alipougua pasipo sababu, mke alipokosa kupata mimba, au ng'ombe walipokufa mmoja baada ya mwingine, wazee wa mji walikwenda kwa omoragori awaelezee chanzo cha mkosi. Mara nyingi jibu lilihusu wafu. Roho za wahenga, ebirecha, zilikuwa sehemu ya familia, na zilikuwa na haki zao. Aliyekufa akisahauliwa, au akikosa kutimiziwa kafara inayomstahili, alilalamika kwa njia ya maradhi na mikosi. Mwaguzi ndiye aliyesikiliza lalamiko hilo, akalitaja jina la mlalamikaji na kuielekeza familia namna ya kumtuliza. Kwa ufupi, Moraa alikuwa mtu wa kati baina ya nyumba na makaburi yake.

Kaburi lenyewe halikuwa mbali. Abagusii huzika nyumbani, karibu na nyumba ya marehemu, ndani ya eneo la mji wake. Mjukuu hukua akilijua kaburi la babu yake kama anavyoijua njia ya kisimani. Kwa hivyo, mtu kufa bila kuzikwa nyumbani halikuwa jambo la aibu tu. Lilikuwa jambo lisilo na mwisho, mfano wa deni ambalo hakuna anayejua pa kulilipia.

Kitutu hiyohiyo ilikuwa imekwisha kuonja msiba wa namna hiyo. Sakawa wa Nyakoe, mtabiri mashuhuri kuliko wote katika historia ya Abagusii, inasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe na kuonyesha mahali ambapo majengo yao yangesimama, pale ulipo mji wa Kisii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sakawa alitoweka. Maiti yake haikuonekana, na kwa sababu hiyo wengi walikataa kuamini kwamba amekufa. Kwa miaka mingi baadaye walikuwapo waliongojea arudi, na matumaini hayo yaliitia wasiwasi serikali ya kikoloni hata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahali pasipo na kaburi, kulia hugeuka kungoja.

Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi katika nchi ya Gusii. Sababu iliyotolewa ilikuwa mashambulizi ya kuteka ng'ombe wa majirani waliokuwa chini ya ulinzi wa serikali. Wapiganaji wa Gusii walikabili bunduki ya rashasha kwa mikuki na ngao, na matokeo yake yalikuwa maangamizi. Miji ilichomwa, makundi ya ng'ombe yakaswagwa. Katika jamii ambayo ng'ombe ndio mahari, kupoteza ng'ombe kulikuwa na maana ya vijana kukosa kuoa na koo kukosa kizazi. Fauka ya hayo, waliokufa walikuwa wana wa miji iliyozoea kumwendea Moraa kwa ushauri.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, utawala ulijenga boma mahali palipoitwa Getembe. Wenyeji walipaita pia Bosongo, yaani kwa Wazungu. Msimamizi wa boma alikuwa kijana Mwingereza, Geoffrey Northcote, ambaye ulimi wa Ekegusii ulimgeuza jina akawa Nyarigoti. Pamoja na boma zilikuja kodi, amri, kazi za lazima na hukumu zilizotolewa na mtu asiyejua mila ya wale aliowahukumu. Baadhi ya wazee waliona busara kuinama ili mawimbi yapite. Moraa hakuwa miongoni mwao.

Masimulizi ya Abagusii yanamwonyesha akipita mji kwa mji akiwasuta wanaume. Aliwaambia kwamba kama wanaiogopa bunduki ya mgeni, basi waketi jikoni na kuwaachia wanawake mikuki. Kwa mwanamume aliyelelewa katika egesarate, maneno hayo yalichoma kuliko pasi ya moto. Inasimuliwa pia kwamba aliwapa wapiganaji dawa na kuwaahidi kwamba risasi za mgeni hazitawadhuru. Ahadi kama hiyo haikuwa ya Gusii peke yake. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu wa Matumbi maji ya aina hiyohiyo, na vita vya Maji Maji vikazuka. Watu waliozidiwa silaha walitafuta nguvu mahali pekee palipobaki.

Miongoni mwa waliomsikiliza Moraa alikuwamo Otenyo Nyamaterere. Masimulizi hayakubaliani kuhusu uhusiano wao: kuna yanayomwita mpwa wake, na kuna yanayomwita mwana wa kambo au wa kulea. Hata hivyo yanaafikiana katika jambo moja lenye uzito, nalo ni kwamba Otenyo alikuwa kwake kama mwana. Moraa hakumtuma mtoto wa jirani. Aliyeitikia mwito wake alikuwa kijana wa nyumbani kwake, aliyekuwa na sababu kuliko wengine wote ya kuyaamini maneno yake.

Januari 1908 Northcote alikuwa safarini katika nchi ya Kitutu. Otenyo alimvizia kando ya njia na kumchoma mkuki mgongoni. Habari zilienea upesi kwamba mtawala amekufa, na kwa muda mfupi Kitutu ilishangilia. Lakini Northcote hakufa. Alirudishwa bomani, akatibiwa, akapona. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1937 hadi 1941, alikuwa Gavana wa Hong Kong.

Kisasi kilifuata mara moja. Askari wa Keya na wa polisi waliingia Gusii na kuchoma miji, wakateka ng'ombe kwa maelfu na kuwapiga risasi watu ambao wengi wao hawakuwa na mkono wowote katika tendo la Otenyo. Taarifa zilizofika London mapema zilitaja Wagusii 160 waliouawa, na baadaye idadi ikapita 200. Mauaji hayo yalimshtua hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni. Aliwaandikia maofisa wake akihoji haja ya kuwaua kwa wingi watu wasio na uwezo wa kujitetea, na akaonya jinsi mambo hayo yangeonekana mbele ya Bunge. Mashaka yake hayakumrudishia mtu yeyote wa Kitutu mtoto wala ng'ombe.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Namna alivyokamatwa husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, lakini kuhusu mwisho wake masimulizi ya Abagusii yana sauti moja: kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na kiwiliwili kikaachwa. Tangu wakati huo, katika vinywa vya wazee na katika madai ya familia yake, jina la Otenyo limekwenda pamoja na kichwa hicho kisichorudi.

Hapa ndipo maisha ya Moraa yanapopata uzito ambao sentensi mbili za kitabu cha historia haziwezi kuubeba. Mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiziambia familia za wengine ni mfu gani anayelalamika na kwa nini, sasa alikuwa na mfu wake mwenyewe. Hakuhitaji ramli kulijua jina lake. Hakuhitaji kuambiwa lalamiko lake. Dawa ya lalamiko hilo alikuwa akiijua vizuri kuliko mtu yeyote: mfu arudishwe nyumbani, azikwe mzima, aliliwe kwa siku zinazostahili, kisha walio hai waendelee na maisha. Lakini dawa hiyo haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa ng'ambo ya bahari, kwa watu wasiojua ebirecha ni nini. Uaguzi wake wote ulifika mwisho wake katika mlango wa nyumba yake.

Kuna swali lingine ambalo ni muhali kulikwepa. Moraa alibeba sehemu gani ya vifo vya 1908? Mwito ulikuwa wake. Ahadi ya risasi zisizodhuru ilitoka kinywani mwake, na haikutimia. Miji iliyoteketezwa ilikuwa ya watu wake. Wapo wanaomtukuza bila kuligusa swali hili, kana kwamba shujaa hapaswi kuulizwa lolote. Wapo pia, tangu siku za ukoloni, waliomchora kama mwanamke mwenda wazimu aliyewaponza vijana. Hukumu zote mbili zinapunguza ukweli. Bunduki hazikuletwa Gusii na Moraa; zilikuwa zimekwisha kuua mwaka 1905, kabla ya mkuki wa Otenyo, na aliyeamua kwamba jeraha la mtu mmoja litalipwa kwa roho za mamia hakuwa yeye. Hata hivyo, kumwondolea lawama yote ni kumwondolea pia uchungu wake. Mlezi aliyemtuma mwana na mwana asirudi hulia mara mbili: humlilia mwana, na huyalilia maneno yake mwenyewe. Katika riwaya nzuri za msiba, wahusika wanaodumu akilini mwa msomaji ni hao ambao huzuni na wajibu vimefungamana ndani yao hata visiweze kutenganishwa.

Miaka mitano baada ya Otenyo kuuawa, wilaya ya Kisii ilipokea mfungwa kutoka mbali. Oktoba 1913 serikali ilimkamata Mekatilili wa Menza huko Giriama, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, na kuwapeleka wote wawili Kisii, mamia ya maili kutoka pwani. Mekatilili naye alikuwa mwanamke wa msiba. Inasimuliwa kwamba kaka yake alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa alipokuwa bado kijana na hakuonekana tena. Alipowakusanya Wagiriama kupinga kuchukuliwa kwa vijana wao kwenda kufanya kazi za wakoloni, aliwavuta kwa kifudu, ngoma ya matanga. Aliutumia wimbo wa kuwalilia wafu kuwaokoa walio hai. Januari 1914 yeye na Wanje walitoroka kutoka Kisii na kurudi kwao. Serikali ilikuwa imeichagua Kisii kuwa mahali pa kumsahaulisha watu wake, pasipo kutambua kwamba nchi hiyo ilikuwa na mwanamke wa aina yake. Baina ya Moraa wa Kitutu na Mekatilili wa Giriama palikuwa na lugha mbili, mila mbili na nchi nzima ya umbali. Lakini chanzo cha upinzani wao kilikuwa kimoja, yaani mtoto wa nyumbani anayechukuliwa asirudi.

Mwaka huo wa 1914 vita vya Wazungu vilifika. Septemba Wajerumani waliingia mji wa Kisii na kupigana na Waingereza hapohapo. Kisha ukaja wakati wa wapagazi. Vijana wa Gusii, kama vijana wa Afrika Mashariki yote, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Tanganyika, katika kikosi kilichoacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wakafukiwa kandokando ya njia zisizo na alama. Msiba uliokuwa wa Moraa peke yake ukawa wa miji mingi. Katika kila kilima palikuwa na mama mwenye mwana asiye na kaburi.

Moraa aliishi kuyaona hayo. Hutajwa kwamba alifariki mwaka 1929, akiwa bibi kizee, katika nchi ambayo kambi za ebisarate zilikuwa zimekwisha kuvunjwa na serikali, na shule na makanisa yakawa yamechukua nafasi kubwa katika maisha ya watu. Hakuacha maandishi. Aliacha jina, na jina hilo limeenea: wasichana wengi wa Kisii na Nyamira huitwa Moraa.

Madai ya kurejeshwa kwa fuvu la Otenyo yametolewa mara kwa mara na jamaa zake na viongozi wa Abagusii. Wapo wanaoyaona kuwa siasa, au kuwa jambo la zamani lisilofaa kuwashughulisha watu wenye matatizo ya leo. Mifano ya jirani inaonyesha vingine. Fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898, lilikaa Ujerumani zaidi ya nusu karne, likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudishwa Kalenga, Iringa, mwaka 1954. Fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigwa risasi Oktoba 1905, zilirudishwa Kenya mwaka 2006. Katika visa vyote viwili, miaka mingi haikuwa imefuta lolote, na waliopokea walipokea kama jamaa wanaompokea marehemu wao. Hata katika Ugiriki ya kale, Sophocles aliiona haja ya kuandika tamthilia nzima kuhusu Antigone, msichana aliyekubali kufa kuliko kumwacha kaka yake bila kuzikwa. Haki ya kumzika mtu wako haikuanza Kitutu, wala haikuishia huko.

Kwa hivyo, maisha ya Moraa wa Ng'iti yanawapa wanafunzi wa fasihi na wa historia funzo linalofanana. Upinzani wa mwaka 1908 kwa kawaida huelezwa kwa hesabu ya askari, ng'ombe na maiti, na hesabu hizo ni za lazima. Lakini hesabu haijui kwamba mmoja wa wafu hao alikuwa na mlezi, kwamba mlezi huyo alikuwa mwaguzi, na kwamba mwaguzi huyo alifahamu kwa undani kuliko mwingine yeyote ni nini kinachompata mfu asiyerudishwa nyumbani. Utamaduni wa Abagusii ulimpa Moraa maneno ya kuwatuliza wafu wa kila mji isipokuwa wake. Kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia kifo cha Otenyo hadi chake mwenyewe, aliishi na ujuzi huo. Atakayeandika riwaya ya Gusii ya siku zile hatakuwa na haja ya kubuni msiba. Utakuwa unamngojea Kitutu, pamoja na familia ambayo bado inadai kaburi kamili.